Hesabu ya Maziwa Tisa

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ukungu ulikuwa umelifunika lango la hifadhi, na ubao wake mkubwa wa ramani ulisomeka nusu tu. Nusu iliyosomeka ilisema: "Maziwa Tisa." Chini ya ubao huo alisimama mwanamke wa miaka hamsini, kiganjani ana kokoto tisa nyeupe, akizihesabu kwa kidole gumba. Alipofika tisa alizitia zote katika mfuko wa kushoto wa koti lake. Mfuko wa kulia ulikuwa mtupu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi huielewa methali hii kwa tumbo: mgeni akifika sufuria kubwa hubandikwa, na mwenyeji naye hula vizuri siku hiyo. Lakini methali hii ina upande mwingine, nao ni wa macho. Mwenyeji huizoea nyumba yake hata ufa ukutani asiuone tena. Mgeni huuona kabla hajakaribishwa kiti. Yaliyotokea siku hiyo katika hifadhi ya maziwa yalihusu upande huo wa pili.

Mwanamke mwenye kokoto aliitwa Mama Njia. Waongoza wageni wenzake ndio waliompa jina hilo, na hawakumpa bure. Miaka kumi na tisa iliyopita, hifadhi ilipokuwa ikionyeshwa watu kwa gari tu, yeye ndiye aliyeomba ruhusa, akashika panga na kamba, akapasua njia ya miguu kutoka langoni hadi ziwa la mwisho. Kazi hiyo ilimchukua miezi saba. Hakuweka vibao wala mishale, kwa kuwa sheria ya hifadhi inakataza kupigilia kitu chochote kwenye mti. Badala ya vibao aliweka hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Maziwa yalipangana kama shanga katika uzi, na kati ya ziwa na ziwa palikuwa na tuta la mawe. Mwongozaji akifika kwenye ziwa, huhamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Maziwa yote hupitwa kwa ukingo wa kushoto, isipokuwa la sita. La sita hupitwa kwa kulia, kwa sababu kushoto kwake kuna kinamasi chenye matete marefu kuliko mtu, na chini ya matete hayo tope lisilo na sakafu. Waongozaji wanane waliokuja baada yake aliwafundisha maneno hayo hayo: kokoto tisa, la sita kulia. Tangu siku ya kwanza, vikundi mia tisa na kumi na viwili vilikuwa vimeipita njia hiyo. Vilivyopotea vilikuwa sifuri. Mama Njia hakuhitaji kujisifu. Alizitaja tarakimu hizo mbili, basi.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, njia yake ilikuwa hatarini. Mvua za msimu zilikuwa zimeifunga kwa miezi minne, na katika miezi hiyo makao makuu yalianza kuuliza maswali. Mhifadhi mkuu alimweleza jambo hilo ofisini, chumba chenye meza moja, birika la umeme, redio ya upepo iliyofungwa ukutani, na daftari kubwa la wageni ambalo kurasa zake zilikuwa zimejikunja kwa unyevu.

"Sikiliza, Mama Njia," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Wameniuliza mara mbili: kwa nini watu watembee na magari yapo? Sina jibu zaidi yako wewe. Leo ukiniita kwenye redio kutoka ziwa la tisa kabla ya saa kumi na mbili jioni, kesho asubuhi vikundi vitatu vinaingia, watu kumi na wanane. Usiponiita, natuma askari wakutafute. Na wakishatoka kukutafuta, njia nimeifunga."

"Umewahi kunitafuta lini?"

"Sijawahi. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Kisha akamuuliza kama alikuwa ameikagua njia. Desturi ya waongozaji ilitaka kwamba baada ya mvua ndefu, mmoja wao aitembee njia peke yake kwanza, bila wageni. Desturi hiyo aliianzisha Mama Njia mwenyewe. Mwaka huu aliona ni kupoteza siku. Alijibu kwamba mtu haendi kukagua vidole vyake asubuhi kama bado ni vitano. Mhifadhi akacheka kidogo, akaandika saa ya kuondoka: saa moja kamili.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wawili, dada na mdogo wake. Dada alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefanya kazi moja, ya kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na alikuwa amestaafu wiki sita zilizopita. Safari hii ilikuwa zawadi aliyojipa mwenyewe. Mdogo wake alikuwa kinyozi, mtu wa mdomo mwepesi, ambaye alikuja kwa sababu dada yake alimwambia kwamba kitambi hakipungui kwa kukaa nyuma ya kiti cha wateja.

Msoma mita alibeba begi dogo, fimbo, saa ya mkononi yenye mishale mikubwa, na kijitabu kilichofungwa kwa uzi kwenye kitufe cha shati. Kabla hawajapita lango alimuuliza Mama Njia kila ziwa huchukua muda gani kulipita. Mama Njia akamwambia: la kwanza nusu saa, la pili pungufu kidogo ya hapo, la tatu dakika thelathini na tano, la nne kama hilo hilo, na kuendelea hadi la tisa. Mgeni akaandika yote. Akauliza tena kokoto ni za nini. Akaelezwa. Akaandika na hilo.

"Umzoee tu, mama," kinyozi alimwambia mwongozaji. "Huyu dada yangu hata akizikwa atataka kwanza aandike saa ya kuingia."

"Na wewe utachelewa hata huko," dada yake akajibu, akitazama saa.

Wakaingia msituni. Ukungu ulikuwa mzito, na kwa dakika arobaini za mwanzo hawakuona zaidi ya migongo yao. Ziwa la kwanza lilijitokeza ghafla, kijivu, tulivu, na bata maji watatu wakiwa wamelala katikati. Mama Njia alihamisha kokoto ya kwanza. Maji yalikuwa yamepanda. Yalifika mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa na nyasi. Hilo lilitarajiwa. Wakalipita kwa dakika thelathini na moja, wakapanda tuta la mawe, wakateremka ziwa la pili. Kokoto ya pili. Dakika ishirini na nane.

Mama Njia alikuwa katika hali yake nzuri. Kifua kilikuwa mbele, hatua fupi, na kila baada ya muda alikuwa akigeuka kuhakikisha wageni hawaachani. Aliwaonyesha mti ambao alilala chini yake usiku wa kwanza wa kupasua njia, na jiwe ambalo lilimvunja mpini wa panga. Aliwasimulia juu ya mgeni mmoja aliyekataa kuvua viatu vya ngozi akavuka kijito navyo, na jioni akavivaa kama mashua. Kinyozi alicheka hadi akakaa chini. Msoma mita hakucheka sana. Alikuwa akitazama ukingo wa maji.

Kwenye ziwa la tatu njia ya zamani ilikuwa chini ya maji. Mama Njia hakubabaika. Aliwapandisha juu kidogo, wakatembea ndani ya miti, ziwa likionekana hapa na pale kupitia mianya ya majani na ukungu. Kokoto ya tatu ilikuwa imekwisha kuhama. Walikwenda, wakaenda. Ndipo msoma mita aliposimama kwenye mwanya mmoja.

"Mwenyeji wangu, ule mstari ni nini pale majini?"

Mama Njia alitazama. Kulikuwa na mstari wa vichaka vilivyokufa, vimetoka majini hadi kiunoni, vimejipanga kutoka ukingo huu kuelekea ule mpaka vinapotelea ukunguni. Juu yake walikaa ndege weusi waitwao mnandi, kama nguo zilizoanikwa.

"Ni miti iliyoangushwa na mvua," akasema.

"Miti iliyoangushwa hujipanga mstari?"

"Msitu una mambo yake, dada. Twende, muda hautusubiri."

Hakumjibu vibaya, lakini alimjibu kama mtu anayefunga mlango taratibu. Wakaendelea. Kinyozi akasema ziwa hili ni kichwa kikubwa, limenyolewa upande mmoja tu. Mwishowe wakafika kwenye tuta la mawe, wakalipanda. Msoma mita akaangalia saa, akaandika, akaangalia tena kama mtu asiyeamini mwandiko wake. Alitaka kuuliza. Akaona mgongo wa mwenyeji wake ulivyonyooka, akameza swali lake.

Matuta ya hifadhi hiyo hufanana kama shilingi kwa ya pili. Yote ni ya mawe meusi, yote yana vichaka vya miiba mgongoni, na katika ukungu hakuna anayeweza kulitofautisha hili na lile isipokuwa kwa hesabu. Mama Njia alikuwa na hesabu. Upande wa pili wa tuta walipumzika nusu saa, wakanywa maji, kisha wakateremka ziwa lililofuata. Kokoto ya nne. Ziwa la nne na la tano ni mapacha, urefu mmoja, umbo moja. Hakuona cha kumshtua. Wakalipita kwa dakika thelathini na tatu. Ukungu ulianza kuinuka, na maji yakageuka kutoka kijivu kuwa kijani. Walikula chakula cha mchana juu ya tuta lililofuata, upepo ukiwakausha jasho.

Ilipotimu saa saba na dakika ishirini na moja walifika kwenye ukingo wa ziwa jingine. Mama Njia alihamisha kokoto ya tano, akageuka kushoto.

Ukingo wa kushoto wa ziwa la tano alikuwa akiujua kama ujuavyo mlango wa nyumba yako gizani. Ni mchanga mgumu, na mwanzoni kabisa kuna jiwe jeupe bapa ambalo wageni hupenda kulipiga picha. Jiwe hakuliona. Akajiambia kwamba maji yamelimeza. Mchanga nao hakuukuta. Alikuta nyasi, kisha nyasi zenye maji, kisha matete machache. Akajiambia maji yameleta matete. Kila alichokosa alikuwa na sababu yake tayari. Baada ya dakika kumi na tano viatu vyao vilianza kutoa sauti ya kunyonya. Baada ya ishirini, fimbo ya msoma mita ilizama hadi nusu na ikatoka na tope jeusi.

Mama Njia alipunguza mwendo. Miguu yake ilikuwa imekwisha kujua jambo ambalo kichwa kilikuwa hakijakubali. Matete mbele yake yalikuwa marefu kuliko mtu. Alisimama, akajifanya anawasubiri wageni.

Msoma mita alimfikia. Hakumtazama usoni, alitazama kijitabu.

"Mwenyeji wangu, nikueleze jambo moja la kazi yangu?"

"Eleza."

Akaeleza kwa ufupi. Katika idara yao alikuwapo msoma mita mwenzake, hodari, aliyejua mitaa yote. Alikuwa hodari kiasi kwamba akaacha kufungua vifuniko vya mita. Kwa nini afungue? Alijua kila nyumba hutumia kiasi gani. Alikaa kivulini akajaza fomu kwa kumbukumbu. Siku moja wakubwa wakagundua kwamba kwa miaka miwili alikuwa akileta usomaji wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

"Hakuwa mwongo," msoma mita akasema. "Alikuwa anajua sana. Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria: mita haisomwi kwa mazoea. Unainama, unafuta vumbi, unasoma kilichopo."

Kinyozi akasogea, akachungulia kijitabu cha dada yake.

"Na leo umesoma nini?" Mama Njia akauliza.

Msoma mita akamgeuzia kijitabu. Ziwa la kwanza, dakika thelathini na moja. La pili, ishirini na nane. La tatu, sabini na nne. La nne, thelathini na tatu. Chini ya tarakimu ya tatu alikuwa amepiga mstari. "Uliniambia la tatu ni thelathini na tano, na la nne ni kama hilo hilo. Mimi nimejumlisha. Thelathini na tano mara mbili ni sabini. Ongeza dakika nne za kupanda kwenye miti. Na ule mstari wa vichaka majini, wenye ndege, unatoka ukingo mpaka ukingo. Mimi si mtu wa hapa, sijui. Ila ingekuwa mita, ningesema pale palikuwa na tuta."

Mama Njia alifumba macho. Aliliona tuta kati ya la tatu na la nne kama alivyoliacha miezi minne iliyopita: fupi kuliko yote, kimo cha mtu tu, na mgongoni lina vichaka. Maji yakipanda kimo cha mtu, tuta linakwenda chini, vichaka vinabaki. Maziwa mawili yanakuwa moja. Mwongozaji anayehesabu maziwa anahamisha kokoto moja mahali pa mbili. Na kutoka hapo kila hesabu yake iko nyuma kwa moja, kwa hiyo ziwa aliloliita la tano ni la sita, na aliposhika kushoto, alishika kinamasi.

Alitazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na sita. Angeweza kusema kwamba anabadili njia kwa ajili ya tope. Wageni wengine wasingejua tofauti. Lakini hawa walikuwa wakijua, kwa maana mmoja wao ndiye aliyemwambia. Akaingiza mkono mfuko wa kushoto, akatoa kokoto moja, akaitia mfuko wa kulia mbele ya macho yao.

"Hili ni la sita," akasema. "Nimewapoteza. Geukeni, mkanyage pale pale mlipokanyaga. Mimi nitakuwa nyuma, na mgeni wangu atatangulia na fimbo."

"Mimi je?" kinyozi akauliza.

"Wewe katikati, na usicheke mpaka ardhi iwe kavu."

Walirudi kwa mwendo wa kobe. Mara mbili kinyozi alizama hadi gotini, na mara ya pili kiatu chake cha kushoto kilibaki. Mama Njia alilala kifudifudi, mkono ukiwa ndani ya tope hadi begani, akakitoa. Walipofika mahali walipogeukia kushoto ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Safari ya kwenda na kurudi, pamoja na mazungumzo, ilikuwa imewala dakika hamsini na tisa, na bado yalikuwa mbele maziwa matatu baada ya hilo la sita.

Ndipo ilipoonekana kwa nini mwanamke huyo aliitwa Mama Njia. Alichora chini kwa kijiti: ukingo wa kulia wa la sita ni dakika hamsini, haukimbiliki kwa sababu ni mawe, la saba na la nane ni dakika thelathini na tano kila moja, matuta matatu ni dakika ishirini kila moja, la mwisho nusu saa. Jumla yake iliwafikisha dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, bila mapumziko marefu, bila picha, bila mtu kuteguka. Aliwauliza kama wanaiweza. Akawaambia wazi kwamba wakisema hapana, watakaa hapo hapo mahali pakavu, askari watakuja usiku, na hakuna atakayelaumiwa isipokuwa yeye.

Msoma mita alisema alikuwa akitembea kilomita kumi na nne kwa siku kabla hata ya kinyozi huyu kuota ndevu. Kinyozi akasema tope limemlainisha magoti. Wakaondoka.

Mama Njia aliwaongoza kwa namna ambayo hakuwahi kumwongoza mtu. Sasa hakusimulia hadithi. Kila alipofika mahali alipopajua, alisimama, akapatazama kana kwamba ni mara ya kwanza, akamuuliza msoma mita anaona nini, kisha akaamua. Kwenye tuta la saba walipita mti ulioanguka ambao haukuwapo mwaka uliopita. Alikadiria upande ulikoangukia, akazunguka upande wa mizizi. Kwenye ziwa la nane jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kuyafanya maji yote yawe ya shaba, na korongo wapatao sitini waliinuka kwa pamoja kutoka kwenye kina kifupi. Kinyozi alisimama. Dada yake naye alisimama, akatoa kalamu, kisha akairudisha bila kuandika. Mama Njia aliwapa dakika moja kamili, akaihesabu kwa saa. Ilikuwa njia yake, na hata siku hiyo aliona fahari kuwa nayo na kuwa na kitu cha kuonyesha.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane jioni walisimama mbele ya kibanda cha ziwa la tisa. Kibanda kiko juu ya kilima, na ndipo mahali pekee njiani ambapo redio ya upepo hushika. Mama Njia aliitoa yake ndogo begini, akavuta antena.

Kinyozi alimkaribia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tumefika kwa wakati. Kuhusu yale matete, sisi hatukuona kitu. Sivyo, dada?"

Dada yake alikuwa akimtazama mwenyeji wake, na macho yake hayakumsukuma upande wowote.

Mama Njia alijua thamani ya kile alichokuwa akipewa. Vikundi mia tisa na kumi na vitatu, vilivyopotea sifuri: sentensi hiyo ingeweza kubaki nzima. Alijua pia kwamba kesho saa moja asubuhi waongozaji watatu, wote wanafunzi wake, wangetia kokoto tisa katika mfuko wa kushoto, wakaenda kwa imani yao yote hadi kwenye matete, na nyuma yao watu kumi na wanane. Akabonyeza kitufe.

"Mkuu, ni Mama Njia. Niko ziwa la mwisho. Wageni wawili, wazima."

"Nimekupata," sauti ya mhifadhi ikajibu. "Dakika kumi kabla. Kazi nzuri."

"Subiri, sijamaliza. Shika kalamu." Alivuta pumzi. "Leo nimepotea. Niliingia kinamasi cha ziwa la sita kwa ukingo wa kushoto, dakika ishirini na tano ndani. Sababu ni kwamba ziwa la tatu na la nne yameungana. Tuta limezama. Sikuikagua njia kwanza kama inavyotakiwa. Kosa hilo ni langu, liandike kwa jina langu. Kuanzia leo maziwa ni manane. Ziwa la kuzungukia kulia sasa ni la tano. Waambie wa kesho waache kokoto moja ofisini."

Redio ilikwaruza kwanza, hata kinyozi alidhani betri imekwisha.

"Una hakika na tuta hilo?" mhifadhi akauliza.

Mama Njia akamsomea tarakimu kutoka kwenye kijitabu alichonyooshewa: thelathini na moja, ishirini na nane, sabini na nne. Akamweleza mstari wa vichaka na ndege juu yake.

"Nani aliyeliona?"

"Mgeni wangu. Alikuwa msoma mita za maji, miaka thelathini na mmoja. Mimi nilipita pale pale nikaona miti iliyoanguka."

Msoma mita alikuwa amesimama wima kwenye ngazi ya kibanda, tope limemkauka hadi magotini, mikono nyuma, kama mfanyakazi anayesomewa ripoti ya mwaka na anayejua kwamba ni nzuri. Kutoka redioni kulisikika kalamu ikiwekwa mezani.

"Kwa miezi minne askari wangu wanapita huko kwa gari," mhifadhi alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba maziwa yamebaki manane. Siku moja ya miguu, nimeambiwa. Makao makuu walitaka jibu, na hilo ndilo nitakalowaandikia." Wakasikia kurasa zikifunuliwa. "Kokoto nane, la tano kulia. Nimeandika. Gari linakuja kuwachukua sasa hivi. Vikundi vyote vitatu vinaingia kesho saa moja, na wewe kabla ya hapo utanichorea upya ramani ya ubao. Na huyo mgeni wako mpe mkono kwa niaba yangu. Mwambie waliosema maneno haya hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone."